Mafuta ya Makonyo na Mchaichai Katika Milima ya Usambara

Kiwanda cha mafuta cha Wawi, karibu na Chake Chake, unakinusa kabla hujakiona. Kule Pemba karafuu ikishachambuliwa, makonyo, yaani vile vikonyo vyake, hayatupwi. Yanapelekwa Wawi, yanapigwa mvuke ndani ya mitungi mikubwa ya chuma, na mvuke ukipozwa yanatoka maji na mafuta kwa pamoja. Mafuta mengi ya kunukia huelea juu ya maji. Ya karafuu huzama, kwa sababu ni mazito kuliko maji, na kwa hiyo hukingwa kutoka chini. Nilichukua chupa ya makonyo, ya mchaichai na ya mkaratusi, zote za kioo cheusi maana mafuta haya hula plastiki na huharibika kwa mwanga, nikapanda meli Mkoani kuelekea Tanga.

Nilikuwa nakwenda kutembea kwa miguu kutoka Lushoto hadi Mtae, nikilala hemani, kisha nishuke kwenye nyika ya Mkomazi. Tangu utotoni nimeyaona mafuta haya yakitumika nyumbani kwa jino, kwa mafua na kwa mbu. Nilitaka kujua yanafika wapi mtu akiwa porini, mbali na duka la dawa, na yanaishia wapi.

Basi linakushusha Mombo kwenye joto, halafu barabara inaanza kupanda kupitia Soni, na ukifika Lushoto uko kwenye mita kama 1,400, unatafuta sweta. Hapo nilikutana na mwongozaji wangu, Msambaa wa makamo anayeijua milima hiyo kama ua wa nyumba yake, pamoja na kijana mpagazi. Tuliingia msitu wa Magamba asubuhi, ukungu ungali kwenye matawi.

Mwongozaji alisimama kwenye mti mkubwa, akaokota majani, akayafikicha, akanipa ninuse. Kafuri tupu! Ule ni mkulo, kafuri ya Afrika Mashariki, ambao jina lake la kitaalamu, Ocotea usambarensis, limetokana na milima hii hii. Ulivunwa mno kwa ajili ya mbao, na inauma kuona visiki vipana vya miti iliyochukua vizazi kukua. Nilikaa pale muda mrefu kuliko ratiba ilivyotaka.

Usiku wa kwanza baridi ilinifundisha jambo ambalo mtu wa pwani halifikirii. Nilikuwa nimechanganya mafuta yangu ya kujipaka na mafuta ya nazi, kama tunavyofanya nyumbani. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Magamba usiku ni chini ya hapo sana. Chupa ilikuwa imekuwa nta nyeupe. Mwongozaji aliitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya moto, ikayeyuka. Kwa milimani chukua mafuta ya alizeti au ya ufuta. Hayo hayagandi kwa baridi ya namna ile.

Kuhusu kuchanganya, nina msimamo mkali. Mafuta ya kunukia hayapakwi matupu kwenye ngozi. Kwa mafuta mapole kama lavenda, mtu mzima anaweza kutia matone 12 katika mililita 30 za mafuta ya kula, yaani kama asilimia 2. Mchaichai na makonyo ni makali zaidi. Kwangu hayavuki matone 3 kwa kipimo hicho hicho, na najaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono. Mafuta ya ndimu na ya limau yaliyokamuliwa kwenye ganda siyapaki kabisa mchana, kwa sababu ngozi ikipigwa na jua baada ya hapo huungua na kuacha madoa. Na hakuna hata tone linaloingia kwenye chai. Tukitaka mchaichai kwenye chai, yapo majani.

Njiani kuelekea Rangwi yule kijana mpagazi alianza kushika shavu. Hakusema kitu mpaka tulipotua mizigo.

"Dada, jino hili limeniamsha tangu jana."

Hapo ndipo makonyo yalipofanya kazi. Ndani yake kuna yujenoli, ambayo madaktari wa meno wameitumia kwa miaka mingi kutuliza maumivu. Nililichanganya tone moja na mafuta ya alizeti tuliyokuwa nayo ya kupikia, nikachovya pamba kidogo, akaibana kwenye jino lenyewe, akijihadhari isiguse ufizi wala asimeze. Baada ya muda mfupi alikula ugali na maharage pamoja nasi. Lakini nilimwambia wazi kwamba shimo bado lipo: makonyo yanalaza maumivu, hayatibu jino. Aliahidi kwenda hospitali tukirudi.

Jioni hiyo tulipiga hema nje ya nyumba ya mama mmoja aliyetukaribisha kwa moyo. Alisikia harufu ya mkaratusi niliyokuwa nimedondoshea kwenye bakuli la maji ya moto ili nifungue pua yangu, akaomba kidogo ampake mtoto wake mchanga aliyekuwa na mafua. Kumkatalia mtu aliyekupa kuni na maji ni kazi ngumu. Nilikataa. Mkaratusi karibu na pua ya mtoto mchanga unaweza kumbana pumzi, na tone analomeza mtoto ni sumu. Nilimweleza taratibu, bibi wa pale nyumbani akaniunga mkono, na asubuhi mtoto akapelekwa zahanati.

Ila sehemu ya safari ninayoisimulia kila ninapokaa na watu ni ile ya karibu na Mtae. Njia inapita ukingoni mwa mlima. Chini yako Mkomazi imetandazwa mpaka macho yanachoka. Nilikuwa nimejipaka mchaichai mikononi na shingoni kwa ajili ya usubi. Tukamkuta mzee anaangalia mizinga yake ya magogo iliyoning'inizwa mtini. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Hakuitikia kwanza. Aliinua kiganja nisimame.

"Mwanangu, umejipaka nini?"

"Mchaichai, mzee."

"Rudi nyuma polepole. Kanawe. Huo ndio ninaousugua ndani ya mzinga mtupu nikitaka kundi liingie."

Nilirudi nyuma, nikanawa kwa sabuni kwenye kijito, na niliporejea ndipo akaitika marahaba. Nyuki mmoja mmoja walikuwa wameshaanza kunizunguka mikono, hawana hasira, wanachunguza tu. Nyuki vibarua wakiwa mlangoni mwa mzinga hutoa harufu kutoka kwenye tezi iliyo mwisho wa tumbo ili kuwaita wenzao nyumbani, na ndani ya harufu hiyo kuna sitrali, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya mchaichai. Kwa hiyo kile kinachomkera mbu kinamkaribisha nyuki. Kwa nchi yenye mizinga kila bonde, hili lilipaswa kuandikwa kwenye kila chupa. Yule mzee alinipa kipande cha sega, nikakila nikiwa nimekaa upande ambao upepo unatoka kwangu kwenda bondeni.

Kutoka Mtae tulirudi Mombo kwa basi, tukaenda Same, tukaingia Mkomazi kwa geti la Zange. Huku chini mambo ni mengine. Mbung'o walilifuata gari kwa sababu wanavutwa na kitu kinachotembea, na nguo za bluu au nyeusi ndizo wanazozipenda. Hakuna mafuta niliyopaka yaliyowazuia. Nguo nene ya rangi ya udongo ilisaidia zaidi ya chupa zangu zote.

Na mbu wa usiku si wa kufanyia majaribio. Mchaichai hufukuza kwa muda mfupi, kisha mvuke wake unaisha na umebaki na ngozi inayonukia. Mwongozaji alitupia matawi ya kivumbasi motoni, moshi wake ukatupa nafasi ya kula kwa raha, lakini kulala tulilala ndani ya chandarua chenye dawa. Ipo dawa ya kupaka inayotokana na mkaratusi unaonukia limau, iliyosafishwa kiwandani na kupimwa, nayo hudumu kwa saa kadhaa. Hiyo ni ya kuaminika, ila si kwa watoto chini ya miaka 3. Mafuta ghafi ya mti huo huo hayana nguvu hiyo.

Yule kijana alinipigia simu baadaye. Jino limeng'olewa Lushoto, anakula vizuri, na anauliza kama bado nataka kwenda Shengena, kule Upareni. Nataka. Nimemwomba anitafutie lita moja ya alizeti ya kukamua, na aulize mapema kwa wenyeji mizinga iko upande gani wa njia.