Jaketi ya Gikomba na magenge ya uwanjani

Ukipita Gikomba, soko la mitumba Nairobi, asubuhi wakifungua beli utaona vile watu wanang'ang'ania jaketi za Stone Island, ile ya beji ya dira kwa mkono wa kushoto, na wengi hawajui hiyo beji imebeba stori gani Uingereza.

Iko hivi. Mwisho wa miaka ya 70 mashabiki wa Liverpool walikuwa wanafuata timu Ulaya wanarudi na raba za Adidas na nguo za Lacoste, Fila, Sergio Tacchini, na mashabiki wa timu zingine wakaiga, juu polisi walikuwa wanasaka mtu wa skafu na buti, sasa kijana amevaa smati hivyo alikuwa anapita tu. Stone Island nayo ikaja kuingia kwa hiyo mitindo yao. West Ham walikuwa na genge la Inter City Firm, jina la treni walizopanda, na ukipigwa walikuwa wanakuachia kadi ya kukupongeza kwa kukutana nao. Kadi! Mtu anavuja damu pale chini na wewe unamwachia kadi.

Halafu uwanja wa Heysel, Brussels, 29 Mei 1985, fainali ya Liverpool na Juventus, mashabiki wa Liverpool wakavamia wenzao, ukuta ukaanguka, watu 39 wakafa, wengi wa Juventus, na klabu za Uingereza zikafungiwa Ulaya miaka 5.

Mi hizo raba nazipenda sana, sifichi. Lakini nikisikia vijana wetu wakisifu yale magenge naumia roho, na mawe tumeshayaona hapa kwa Mashemeji Dabi, ile mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards, mpaka mtoto anabebwa juujuu kutoka kwa jukwaa. Ingwe, yaani Leopards, wako na ngoma za isikuti, Gor wanaimba dakika 90. Vaa jaketi yako, kuja uimbe, na shemeji arudi nyumbani mzima.