Nilivyohesabu sahani kabla ya kuamini uwanja wa magari

Miaka 11 nilikaanga sato pale Kigongo, upande wa Misungwi, kwenye foleni ya kivuko. Wateja wangu walikuwa watu wanaosubiri: madereva wa malori, abiria wa mabasi ya Geita na Bukoba, makondakta. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia akafungua daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, na watu wakaanza kuvuka kwa dakika chache bila kushuka garini. Sina kinyongo na daraja. Marehemu mama aliwahi kukesha pale akiwa hoi, anangoja pantoni ya alfajiri. Ila daftari langu la mauzo halifichi kitu: wiki ya mwisho ya kivuko nilikuwa nauza sahani 60 kwa siku, wiki iliyofuata 11. Nikahamishia karai langu Usagara, pale barabara ya Shinyanga na ya Sengerema zinapoachana.

Miezi michache baadaye wakaja watu kijijini kwetu na michoro. Wanataka kujenga uwanja wa mashindano ya magari na pikipiki, kwenye ile tambarare iliyo kati ya majaruba ya mpunga na ziwa. Vijana walishangilia, nami nawaelewa. Desemba 2024 Rais Kagame alitangaza kwamba Rwanda inaomba kuandaa mbio za dunia za magari za Formula 1, na Wakenya wana mbio zao za magari, Safari Rally, kila mwaka, kwa nini sisi tukae kutazama? Tukaahidiwa ajira, wageni kujaa kwenye nyumba za kulala, samaki wetu kugombaniwa.

Kikundi chetu cha mama lishe kina wanachama 9. Tulikuwa tumeshaanza kujaza fomu za mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo asilimia 4 ni fungu la wanawake. Hauna riba, lakini marejesho yana tarehe. Wenzangu walitaka fedha yote tujengee banda la chakula mbele ya lango la uwanja. Nikawaomba wiki mbili.

Kwanza nilimpigia mdogo wangu. Anaendesha lori la mchele kupitia mpaka wa Sirari na Nakuru hadi Nairobi, na Machi 2025 alipita Naivasha, mji wa Kenya yanakofanyika mashindano hayo, wiki ya Safari Rally, iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 baada ya kuwemo mara ya mwisho 2002. Akaniambia, "Dada, siku zile ungekuwa na karai kumi zisingetosha. Watu wamelala ndani ya magari, vyumba hakuna, mahindi ya kuchoma bei mara tatu." Nikamuuliza mzigo uliofuata alipita lini. Alipita baada ya wiki tatu. Hapo akanyamaza kidogo. Akasema alisimama palepale alipokuwa amenunua nyama choma, akakuta miti minne ya kibanda imebaki ardhini bila turubai, na mbuzi wanakula maganda. Rally ni siku nne. Naivasha wanaweza kuzibeba siku nne kwa sababu wana mashamba ya maua, watalii na barabara kuu ya Nairobi inayopita mwaka mzima. Sisi pale kwenye tambarare tuna nini siku ya tano?

Mwanangu wa kidato cha nne akanitafutia habari za nchi nyingine kwenye simu. Korea Kusini walijenga uwanja Yeongam, mbali na mji mkuu, kwa mkataba wa Formula 1 wa miaka 7. Mbio zilifanyika 2010 hadi 2013, basi. India nao walijenga karibu na Delhi, wakakimbia 2011 hadi 2013, kisha yakaja mabishano ya kodi na Formula 1 haikurudi. Hizo ni nchi zenye fedha kutuzidi mara nyingi sana.

Usiku nikafungua daftari. Nikasema niwape heshima yao, tuseme siku 10 za mashindano makubwa kwa mwaka, na kila siku niuze sahani 200. Ni sahani 2,000. Usagara nauza 35 kwa siku, na kwa siku 300 ni 10,500. Nilirudia hesabu ile mara tatu kwa kibatari maana umeme ulikuwa umekatika, nikihofia nimekosea sifuri.

Hesabu hiyo haikunifanya niukatae uwanja. Sahani 2,000 ni ada ya mtoto. Kilichobadilika ni maswali niliyokwenda nayo kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mwalimu mmoja mstaafu alinisaidia kuyapanga. Ndiye aliyenieleza kwamba chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 mkutano ule una sauti juu ya ardhi yetu, na kwamba Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Nikasimama. "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba wageni wetu watuambie: mwaka una siku 365, injini zitalia siku ngapi? Ndani ya uzio atauza nani? Na sisi tunaoteka maji na kuanika dagaa, tutapita wapi?"

Msemaji wao alizungumzia msimu, kisha uwekezaji, kisha fursa. Wazee wakamwambia kwa upole, baba, umeulizwa siku. Mwishowe akasema mashindano makubwa hayatazidi nane kwa mwaka, na kuhusu wauzaji wa ndani mpango ulikuwa kumpa kazi yote mzabuni mmoja kutoka mjini. Ukumbi ulitulia. Hata vijana waliokuwa wakishangilia walikuwa na dada na mama zao mle ndani.

Tuligoma kupitisha siku ile. Waliporudi baada ya mwezi walikuja na maandishi, na mtendaji akayaingiza kwenye muhtasari: theluthi ya vibanda vya ndani ni ya wakazi wa kijiji, njia ya kwenda ziwani inabaki wazi hata siku za mbio, ulinzi na usafi waajiriwe vijana wetu kwanza. Niliomba nakala yenye mhuri. Naiweka kwenye mfuko mmoja na daftari.

Mkopo ulipotoka tulinunua friji mbili za kugandishia samaki na kuezeka kibanda cha Usagara kwa bati. Mama mmoja bado ananilaumu kwamba nilikichelewesha kikundi, na tunazungumza naye polepole. Kwenye tambarare, mpaka leo kuna vigingi vyenye rangi nyekundu tu. Kimoja kimesimama katikati ya njia ya ziwani, na Jumatatu nimepanga kwenda na muhtasari kwa mtendaji tukakitazame pamoja.