Waonaje, Mwanangu? Tafakari ya Nabii Ibrahim Tukielekea Eid ya Kuchinja

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Dhul-Hija inakaribia. Mnadani Weruweru na Meserani bei ya mbuzi imeanza kupanda, na majumbani mwetu, Moshi na Arusha, jina la Nabii Ibrahim (a.s.) linatajwa kila jioni. Kwa familia nyingi za huku jina hilo ni la wote. Kihamba, yaani shamba la ukoo, ni kimoja, babu ni mmoja, lakini wajukuu wengine wanamwita Ibrahim na wengine Abrahamu. Mmoja anamsoma katika sura ya As-Saaffat, mwingine katika Mwanzo 22, kisha siku ya Eid wanakaa uani pamoja na kila mmoja anadhani kisa anachokijua mwenzake ni hichohicho. Kwa sehemu kubwa ni hichohicho. Lakini kuna mahali vinaachana, na wiki hii tupatazame hapo kwa utulivu.

Katika Mwanzo, Abrahamu anaamka asubuhi na mapema, anatandika punda, anapasua kuni, anachukua vijana wawili na mwanawe, na siku ya tatu anauona mlima kwa mbali. Isaka anabebeshwa kuni. Njiani anauliza: moto upo na kuni zipo, mwana-kondoo yuko wapi? Baba anamjibu kwamba Mungu atajipatia. Ni jibu la imani kubwa, na ndugu zetu Wakristo wanalishika kwa mapenzi. Ila kijana mwenyewe hajaambiwa bado.

Sasa fungua As-Saaffat, aya ya 99 hadi 113. Punda hayupo. Kuni hazipo, moto haupo, mlima hautajwi, na hata kisu hakitajwi. (Zile habari za kisu kugoma kukata shingo zimo katika masimulizi ya wafasiri. Ndani ya aya hazimo, na inafaa mwalimu wa madrasa awaeleze watoto tofauti hiyo.) Kilichobakizwa ni mazungumzo ya baba na mwana. Kijana alipofikia umri wa kwenda na baba yake katika shughuli, baba akamwambia: ewe mwanangu, nimeona usingizini kwamba ninakuchinja, basi tazama, waonaje?

Waonaje. Ndoto za Manabii ni wahyi, yaani ufunuo, kwa hiyo amri ilishatoka na haikuwa ya kujadiliwa. Kwa nini basi amuulize? Wafasiri wamesema alitaka kuipima subira ya kijana na kumpa nafasi ya kutii kwa hiari yake, ili naye apate ujira wake kamili. Asingeulizwa, angekuwa kitu kinachotolewa. Alipoulizwa akawa mja anayejitoa. Na jibu lake lina adabu ya kutosha kusomesha darsa zima: ewe baba yangu, fanya unaloamrishwa, utanikuta, inshallah, miongoni mwa wanaosubiri. Hakusema fanya unalotaka, kwa sababu alijua si matakwa ya baba. Hakujisifu kuwa ana subira, ameitundika subira yake kwenye inshallah. Tena amesema miongoni mwa wanaosubiri, kana kwamba waliosubiri kabla yake ni wengi na yeye anaomba tu apewe nafasi kati yao.

Kisha linakuja neno moja linalobeba kisa chote: aslamaa. Kiarabu kina umbo la wawili, na kitenzi hiki kimewekwa katika umbo hilo, yaani wakajisalimisha wote wawili, baba na mwana. Neno hilo na neno Uislamu ni la mzizi mmoja. Akamlaza kifudifudi kwa paji la uso, ikaja sauti: ewe Ibrahim, umekwisha kuisadikisha ndoto. Na tukamkomboa kwa dhabihu kubwa.

Kijana huyu ni nani? Swali hili huzua ubishi usio na lazima kwenye mabaraza. Biblia inamtaja Isaka kwa jina. Qur'ani katika aya hizi haitaji jina. Kati ya wanazuoni wetu wa mwanzo walikuwapo waliosema ni Is-haqa, na Imam Tabari aliipa nguvu kauli hiyo. Ibn Kathir na wengi waliokuja baadaye wakasema ni Ismail, na miongoni mwa hoja zao ni kwamba bishara ya kuzaliwa Is-haqa inakuja katika aya ya 112, baada ya kisa cha kuchinja kumalizika. Sisi tunaishika kauli ya Ismail. Lakini ukikaa na shemeji yako Mkristo, usianzie hapo. Anzia kwenye lile swali la baba.

Tofauti nzito zaidi ni nyingine. Wakristo wanaiona sadaka ile kama kivuli cha msalaba, mwana anayetolewa kwa ajili ya wengine. Sisi hatubebi maana hiyo. Qur'ani inasema nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyingine (Al-An'am 164), na kuhusu wanyama wa kuchinja inasema kwamba nyama zao hazimfikii Mwenyezi Mungu wala damu zao, bali unamfikia uchamungu wenu (Al-Hajj 37). Mbuzi wako hafuti dhambi ya ukoo. Ni ushahidi wa utiifu wako wewe.

Hapo wapo wanaoteleza. Husema: kama nyama haifiki, basi mbuzi yeyote anatosha, cha muhimu nia. Hapana, ndugu zangu. Ibrahim hakutii kwa kukadiria. Uchamungu wa mwenye kuchinja unaonekana mnadani, pale anapomfumbua mbuzi mdomo na kutazama meno.

Tuyatazame meno. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mbuzi anatakiwa awe ametimiza miaka miwili, kondoo mwaka mmoja, ng'ombe miwili, ngamia mitano. Madhehebu mengine yanaruhusu mbuzi wa mwaka mmoja na kondoo wa miezi sita, na aliyekwama ana nafuu hapo. Muuzaji atakuapia kwamba huyu ni mkubwa. Wewe tazama meno ya mbele, taya la chini. Mbuzi huwa na manane, na yale ya utotoni ni madogo na membamba. Karibu na mwaka mmoja, mawili ya katikati hung'oka na kuota mapana. Jozi ya pili hufuata kati ya mwaka na nusu na miaka miwili. Mwenye mawili mapana tu bado ni mdogo kwa hesabu ya Kishafi. Mwenye manne anakaribia au ameshatimiza, na mwenye sita humwachii shaka. Unene usikudanganye, kwa sababu mbuzi aliyelishwa vizuri hunenepa kabla ya umri.

Baada ya meno, masikio. Jambo hili linatuhusu sana sisi wa huku kwa sababu mbuzi wengi mnadani wanatoka kwa wafugaji wa Kimaasai, nao huweka alama za umiliki masikioni. Sikio lililochanwa au kutobolewa bila kipande kutoka halina tatizo. Sikio lililokatwa kipande kikaondoka, kwa Kishafi, mnyama huyo hatoshi kwa udhiya, yaani ibada ya kuchinja ya Eid, hata kama kipande ni kidogo. Madhehebu ya Hanafi yanasamehe upungufu mdogo. Basi mshike mbuzi sikio, lipitishe kati ya vidole kuanzia shinani hadi nchani. Ukikuta pengo, mrudishe upate mwingine kabla hujalipa. Kuvunjika pembe hakudhuru. Kasoro nne zilizotajwa na Mtume (s.a.w.) katika hadithi ya Al-Baraa bin Aazib ni chongo iliyo wazi, ugonjwa ulio wazi, kilema cha mguu kilicho wazi, na kukonda mpaka mifupa haina uboho. Mwendeshe hatua 20 hivi umwone anavyokanyaga, maana mbuzi aliyesimama hafichui mguu.

Kuna kosa la ulimi ambalo wengi hawalijui. Ukishamnunua ukasema "huyu ndiye udhiya yangu" kwa namna ya kumfunga kwa ibada hiyo, wanazuoni wa Kishafi wanasema amekuwa wajibu kama nadhiri, na wewe na unaowalisha hamtakula hata kipande. Akikuuliza mtu, mwambie: nimemnunua, nataka kuchinja udhiya ya sunna.

Na kosa la hesabu. Mbuzi mmoja ni wa mtu mmoja, naye anaweza kuwashirikisha watu wa nyumba yake katika thawabu. Kaka wawili wakichanga nusu kwa nusu wanunue mbuzi mmoja, hakuna aliyechinja udhiya. Ng'ombe ni wa watu saba, kama sahaba Jabir alivyosimulia kwamba walichinja hivyo Hudaybiya, karibu na Makka. Chini ya saba sawa. Wakiwa wanane, haimtoshi hata mmoja wao. Mkigawana, pimeni kwa mizani: ikitoka nyama kilo 112, kila mmoja kilo 16. Msigawane kwa kukisia marundo.

Wakati nao una mpaka. Abu Burda bin Niyar, sahaba, alichinja kabla ya swala ya Eid ili watu wake wapate kula mapema. Mtume (s.a.w.) akamwambia kwamba mbuzi wake ni mbuzi wa nyama tu. Nia yake ilikuwa njema na mbuzi alikuwa halali, lakini saa ilikuwa bado. Ngoja swala na hotuba zimalizike. Una muda hadi jua lizame tarehe 13 Dhul-Hija, kwa hiyo haraka ya nini? Kucha na nywele, usizikate tangu mwezi uandame mpaka uchinje.

Siku yenyewe: noa kisu mbali na macho ya mnyama, na usimchinje mmoja mbele ya mwenzake. Mlaze ubavu wa kushoto, umwelekeze kibla. Kwa aliye Moshi mjini kibla ni kaskazini, kama nyuzi 5 au 6 kuelekea mashariki, kwa hiyo kukicha bila mawingu Kibo yenyewe, kilele cha Kilimanjaro, inakupa mwelekeo wa karibu kabisa. Arusha usiufuate Mlima Meru. Ukiwa mjini, kilele kimekaa kati ya kaskazini na kaskazini mashariki, na ukikielekea utakuwa umepotoka. Kibla cha huko ni kama nyuzi 7 tu kutoka kaskazini. Sema Bismillah, Allahu Akbar. Kata koo la hewa na umio, pamoja na mishipa miwili ya pembeni, kwa kisu kinachopita bila kusuasua. Usifike uti wa mgongo. Ukiukata, mnyama anateseka bure. Wala usianze kuchuna mpaka atulie kabisa.

Hapa Uchaggani panahitaji neno la wazi kuhusu damu. Ndugu atakuja na sufuria akinge damu kwa ajili ya kisusio, supu inayotiwa damu. Damu inayomwagika ni haramu kwetu (Al-An'am 145), na kumkingia mwingine si kazi yako. Mwambie mapema, siku moja kabla, kwa upole, usingoje damu iwe inamwagika ndipo mzozane mbele ya watoto. Chimba shimo dogo, damu iingie humo, fukia.

Mchinjaji mlipe pesa. Sayyidna Ali (r.a.) aliamrishwa na Mtume (s.a.w.) agawe nyama na ngozi za wanyama wa sadaka wa Mtume, na asimpe mchinjaji ujira kutoka humo. Mazoea ya "chukua kichwa na ngozi tumalizane" yanaivunja amri hiyo, kwa sababu yanageuza sehemu ya udhiya kuwa malipo ya kazi. Ukishamlipa haki yake, ukimpa kipande kama zawadi au kwa umaskini wake, hiyo ni heri.

Katika kugawa, wengi wanapika pilau kubwa, wanaita mtaa mzima na kuona wamemaliza. Pilau ni njema. Lakini kwa Kishafi sehemu ya maskini lazima apewe mbichi, mkononi mwake, aamue mwenyewe kuila, kuihifadhi au kuipeleka kwa watoto. Toa hiyo kwanza kabla jiko halijawashwa, kwa sababu nyama ikishaingia sufuriani yote umeikosa.

Na shemeji, shangazi, jirani wasio Waislamu? Imam Nawawi, mwanazuoni wa Kishafi, ameeleza kwamba kwa mwelekeo wa madhehebu inajuzu kuwalisha kutoka udhiya ya sunna, si ya wajibu. Wapo wanazuoni wa Kishafi waliokataa, na anayejizuia kwa kauli yao asilaumiwe. Sisi tunaona kauli ya Nawawi ndiyo inayokaa vizuri katika familia zetu. Imepokewa kwamba Abdullah bin Amr alichinjiwa mbuzi nyumbani kwake, naye aliporudi akauliza: mmempelekea jirani yetu Myahudi? Mmempelekea jirani yetu Myahudi? Kisha akasema alimsikia Mtume (s.a.w.) akisema Jibril hakuacha kumuusia kuhusu jirani mpaka akadhani atampa urithi.

Basi wiki hii, kabla ya kwenda mnadani, kaeni na wanenu. Msomeeni mtoto aya ya 102 ya As-Saaffat kwa sauti, kisha mwulizeni: mwaka huu tunachinja, fungu la kwanza limwendee nani, waonaje? Jina atakalotaja, la bibi wa Kibosho au la jirani wa nyuma ya ukuta, liandikeni. Asubuhi ya Eid, nyama ikishapimwa, mfungieni fungu hilo kwenye jani la mgomba na mumwache alipeleke mwenyewe.