Mota ya umeme kwenye kayaki ya kuvulia

Mota ya volti 12 yenye msukumo wa ratili 30 inatosha kayaki ya mita 3.5. Kasi ya juu kabisa hula ampea 30 hivi. Ya ratili 55 hufikia ampea 50 na haikimbii sana zaidi, maana umbo la chombo ndilo linaloweka kikomo.

Wengi hukosea kwenye waya. Waya mwembamba hupata moto, volti zinashuka, mota inalegea hata betri ikiwa imejaa. Tafuta shaba iliyopakwa bati, milimita 16 za mraba, na tafadhali usiache fyuzi: ya ampea 40 kwa mota ndogo, 60 kwa kubwa, isizidi sentimita 18 kutoka ncha chanya ya betri. Betri ya lithiamu ikipigwa shoti inaweza kuwasha moto papo hapo.

Mota ikikaa tezi (nyuma), betri iende omo (mbele) ili uzito ulingane.

Plastiki ya kayaki ni laini, na silikoni ya kuzibia matundu ya bolti haiing'ang'anii. Weka washa (pete) za mpira, bolti za chuma cha pua, na bamba la alumini kwa ndani ili tundu lisipasuke. Rafadha (propela ya mota) izame vizuri, la sivyo itavuta hewa na kuzunguka bure.