Magunia kutoka angani: mchoro wa Dakota na askari wa Keya

Mwaka 2009, nikiishi Lincoln nchini Uingereza, nilimwagiza mchoraji wa ndege mchoro wa rangi ya mafuta ili tuuze nakala zake na kuwachangia maveterani wa jeshi la King's African Rifles, wale ambao nyumbani tunawaita askari wa Keya. Fedha zilikusudiwa Royal Commonwealth Ex-Services League, shirika lililoanzishwa Cape Town mwaka 1921, ambalo huwasaidia askari wa zamani wa Jumuiya ya Madola kupitia vyama vya maveterani vya nchi zao. Wengi wa wazee hao walikuwa wamevuka miaka themanini na mitano. Hawakuwa na pensheni ya kueleweka. Msaada wenyewe, kwa lugha nyepesi, ulikuwa ni chakula.

Lincolnshire ni nchi ya ndege. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mkoa ule ulijaa viwanja vya jeshi la anga, na hadi leo ukiingia baa au ukumbi wa kanisa utakuta ukutani Lancaster au Spitfire inapasua mawingu. Watu wa huko hununua michoro hiyo kwa moyo mmoja, na kila mwaka mashirika ya hisani ya kijeshi hupata fedha kwa njia hiyo. Nami nikajiuliza: ndege gani ilikuwa na maana kwa watu wetu?

Jibu alinipa Babu, mdogo wake babu yangu mzaa baba, aliyekuwa akiishi Mwala, Machakos. Alipigana Burma na batalioni ya 11, ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye kichwa cha kifaru begani. Nilimpigia kwa simu ya binamu yangu.

"Babu, ndege unazikumbuka?"

"Mjukuu wangu, ndege ndizo zilizotulisha. Bila ndege tungekula majani."

Kuanzia Agosti 1944 divisheni yao iliwafuata Wajapani kusini kupitia bonde la Kabaw, katikati ya masika ya kule. Barabara ziligeuka tope, malori yakazama, malaria na homa ya utitiri wa msituni zikaangusha watu kuliko risasi. Chakula na risasi vikawa vinatoka juu, katika ndege za Dakota zenye injini mbili. Babu alinieleza kwamba si kila kitu kilishuka kwa mwavuli. Mchele na unga vilitupwa hivihivi, gunia ndani ya gunia kubwa zaidi, ili la ndani likipasuka la nje lishike. "Likikupata kichwani," alisema, "hujambo tena." Wapo waliokufa hivyo. Wote walijua wajifiche kwenye miti mpaka ndege imalize mizunguko yake.

Nilipomweleza mchoraji, fundi mstaafu wa jeshi la anga mwenye mikono mikubwa iliyotulia, alifurahi kwa sababu Dakota haikumpa shida. Kikosi cha kumbukumbu cha Battle of Britain Memorial Flight kule Coningsby kina Dakota yake, ZA947, iliyoundwa mwaka 1942 na ambayo bado inaruka. Alikwenda kuichora kwa penseli: mlango wa nyuma upande wa kushoto, ambao siku za kudondosha mizigo uling'olewa kabisa, na misumari ya bati iliyopangika mistari kwa mistari. Aliporudi alinionyesha karatasi nzima ya mlango ule peke yake.

Tulitofautiana juu ya ardhi. Rasimu ya kwanza ilikuwa ndege tupu juu ya wingu la mvua, imeng'aa, na chini kijani cha msitu. Ilikuwa nzuri mno. Lakini askari hawakuwamo. Mchoraji alinieleza kwa uungwana kwamba wanunuzi hutaka ndege. Watu wakizidi, ndege hupungua, na ndege ikipungua nakala haziuziki. Anaijua biashara yake, sikumbishia hilo. Nilimwambia tu kwamba chakula kile kilikuwa kinamshukia mtu, na mtu huyo ndiye tunayemwombea fedha. Kumwacha nje ya picha kulikuwa kumwacha njaa mara ya pili.

Alikaa kimya muda, halafu akashusha ndege. Aliileta chini hadi karibu na vilele vya miti, kama ilivyokuwa kweli, kwa kuwa magunia hutupwa ndege ikiwa chini sana. Hapo uwazi wa msituni wa kudondoshea mizigo ukaingia ndani ya picha, na pembeni mwa uwazi wakaingia askari watano wenye kofia za ukingo mpana, wawili wakitazama juu, mmoja akimvuta mwenzake arudi kwenye kivuli cha mti. Hao wawili wa mwisho walitoka moja kwa moja kwenye maneno ya Babu.

Mambo mawili katika rangi yalinifundisha mengi. La kwanza ni alama ya duara ubavuni mwa ndege. Ndege za Uingereza tulizozoea zina nukta nyekundu katikati, lakini kule Asia nyekundu iliondolewa, kwa sababu mtu aliye vitani akiona wekundu wa duara hufikiri ni jua la Japani na kufyatua. Mchoraji alipaka buluu nzito, na ndani yake buluu iliyofifia. La pili ni miavuli. Hariri ilikuwa haba, kwa hiyo Jenerali Slim, kamanda wa Jeshi la 14 la Uingereza lililopigana Burma, aliagiza miavuli ishonwe Kolkata kwa jute, nyuzi zilezile za magunia. Basi miavuli ya mchoro wetu haikuwa myeupe kama ya sinema. Ilikuwa na rangi ya gunia la mahindi, na mwanangu alipoiona mara ya kwanza alisema inafanana na sokoni Machakos.

Mikataba sitaichambua sana, ila jambo moja linafaa kwa anayetaka kufanya kazi kama hii: kwa sheria ya Uingereza, kununua mchoro hakukupi haki ya kuuchapa. Haki hiyo hubaki kwa mchoraji mpaka aandike vinginevyo. Tuliandikiana ruhusa ya nakala mia mbili, zenye namba na sahihi yake, na yeye mwenyewe akakataa kulipwa chochote kwa nakala hizo. Alichukua malipo ya mchoro wenyewe tu.

Kinachopandisha thamani ya nakala ni sahihi ya mtu aliyekuwapo. Badala ya kusafirisha picha nzima, tulichapa karatasi ndogo za kuambatanishwa, nami Desemba nikaenda nazo Mwala. Babu alikaa mezani chini ya mwembe, akavaa miwani, akaomba kalamu yenye wino mweusi. Nilidhani ataandika jina basi. Aliandika jina, namba yake ya jeshi bila kusitasita hata kidogo, kisha neno KEYA kwa herufi kubwa. Kila karatasi hivyo hivyo. Nilipomwambia apumzike akanijibu, "Afande hakuniambia nipumzike." Tulimaliza siku ya pili, jua likiwa bado juu.

Mchoro wenyewe tuliuuza kwa mnada katika ukumbi mmoja Lincoln. Nilisimama nikaeleza kwamba Jeshi la 14 lilikuwa na Wahindi wengi, na pamoja nao Waafrika wa divisheni tatu, mbili za Afrika Magharibi na yetu hii, yenye watu wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland (Malawi ya leo) na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo). Nikasema kwamba Kalewa, mji wa Burma, ilitekwa mapema Desemba 1944, na kwamba daraja la Bailey, yaani la vipande vya chuma vinavyounganishwa haraka, lililojengwa hapo juu ya mto Chindwin lilikuwa refu kuliko yote ya aina yake wakati ule. Watu waliokulia katikati ya hadithi za ndege walinifuata baadaye wakisema hawakuwahi kusikia. Sikuwalaumu; hata shuleni kwetu sikufundishwa. Dau la mchoro wenyewe lilipanda kuliko tulivyothubutu kuomba, na mnunuzi, daktari mstaafu, alitaka kwanza aonyeshwe ni yupi kati ya wale watano aliye Babu.

Nakala ziliuzwa kwa miezi kadhaa, nyingi kwa watu wasiotujua. Fedha zote tulizipeleka kwenye shirika. Babu hakuomba senti. Aliomba nakala tatu, moja ya nyumbani, moja ya ofisi ya chifu, na moja ya shule ya msingi anakosoma kitukuu chake. Ya shule aliagiza iwe na maelezo ya Kiswahili chini yake, yenye majina ya wenzake wanne ambao hawakurudi kutoka Kabaw. Aliyataja kwenye simu, nikayaandika, akanitaka niyarudie herufi kwa herufi, ndipo nikampelekea mchapaji.