Nilienda Guangzhou kuangalia kama naweza kuhamia

Kwanza niseme kilichonipeleka. Ofisi yetu ni ya kago, tunapokea mizigo ya wafanyabiashara wa Kariakoo kule China, tunaikusanya godauni, tunapakia kontena inakuja Dar, na mwaka huu bosi akataka mtu wetu akakae Guangzhou moja kwa moja, apokee mzigo, ahesabu maboksi, apige picha, abishane na viwanda vikichelewesha. Akanitaja mimi. Nikamwambia bosi sikubali wala sikatai mpaka nikakae kidogo nione, maana masoko ya kule nayafahamu lakini mtu anayeenda kununua mzigo haujui mji kabisa, anajua hoteli na soko na airport basi, na mimi nina mtoto wa darasa la pili, siwezi kuhamia sehemu kwa sababu tu mabegi ni bei rahisi.

Nikapita Addis, nikatua Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou, mwanzoni mwa mwezi wa nne. Na nilichagua huo mwezi makusudi kwasababu wenyeji walishaniambia ukitaka kuijua Guangzhou usije mwezi wa kumi na moja hali ya hewa ikiwa nzuri utadanganyika, njoo kipindi cha unyevu. Aisee ule unyevu. Sisi tuliokulia Tanga na Dar joto tunalijua lakini hii kitu ni nyingine, kuta zinatoka jasho, sakafu ya marumaru inaloa kama imedekiwa sasa hivi, nguo ukifua leo kesho bado, kesho kutwa inanuka. Wenyewe wanafunga madirisha yote na kuwasha mashine ya kukausha hewa. Halafu ikitoka hapo inakuja joto la kiangazi na vimbunga mpaka karibu mwezi wa kumi, na baridi ya mwezi wa kwanza nayo usiidharau, nyuzi 8 au 10 tu lakini nyumba za kusini hazina mfumo wa kupasha joto kama za Beijing, unavaa koti ndani.

Mwenyeji wangu ni dada mmoja wa Tanga, kakaa kule miaka mingi, anaishi Panyu upande wa kusini. Siku ya kwanza tulikutana Xiaobei kwasababu ndo pa kuanzia kila Mwafrika, ukishuka pale stesheni ya metro, ile treni ya chini ya ardhi, mstari wa 5, unasikia Kiswahili, Kilingala, Kihausa, Kisomali, Kiarabu kabla hujafika mlangoni. Kuna wali na nyama ya halali, kuna unga wa ugali, kuna wasusi, kuna wanaobadilisha hela. Nikamwambia dada, kwani hapa si pazuri, mbona kila kitu kipo? Akaniambia "Mdogo wangu, hapa pazuri kushinda, sio kulala. Polisi wa kukagua pasipoti hawakosekani hapa, na vyumba vya huko ndani mchana unawasha taa." Tukaingia ndani ya Dengfeng kwenye zile nyumba zilizobanana, yaani majengo ya ghorofa sita saba yamekaribiana mtu wa dirisha hili anaweza kumpa chumvi jirani wa dirisha lile, chini vichochoro vya maduka na nyaya zimening'inia. Ilikuwa kijiji zamani, mji ukakua ukakizunguka, na hivi viko vingi Guangzhou nzima, ndo wanakoishi watu waliotoka mikoani kuja kutafuta maisha. Kodi ni ndogo kweli. Ila dada alikuwa sahihi, mwanga hakuna.

Ukubwa wa huu mji ndo unaochelewa kuuelewa. Sensa yao ya 2020 ilihesabu watu zaidi ya milioni 18, wakati Dar nzima sensa ya 2022 ni milioni 5 na kitu. Lakini kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba huoni ile kashkash ya watu milioni 18, kwa sababu ya metro. Ilianza 1997 na mstari mmoja, sasa hivi ramani yake nyaya tupu, nauli inaanzia yuan 2, yuan moja ni kama mia tatu hamsini za kwetu. Nilikuwa natoka Panyu kwa dada mpaka mjini kati kwa metro, nafika kwa wakati niliosema, na hicho kitu kwa mtu anayepanda mwendokasi Kimara saa kumi na mbili asubuhi kina maana kubwa sana. Sema mstari wa 3 asubuhi ni vita, watu wanasukumwa ndani, nilisimama stesheni ya Tiyu Xilu treni mbili zikapita sijaweza kuingia. Na kila stesheni begi linapita kwenye mashine ya ukaguzi, unazoea.

Usiku wa kule ndo ulinimaliza kwa raha. Nilikuwa natembea saa tano, saa sita usiku, peke yangu mwanamke, simu mkononi nasoma ramani, hakuna anayenifuata, hakuna bodaboda inayopunguza mwendo nyuma yangu. Wamama watu wazima wanacheza muziki uwanjani kwa mistari, wazee wanavuta upepo kando ya mto Zhujiang, mnara wa Canton mita 600 unabadilisha rangi ng'ambo. Kamera zipo kila kona, sawa, na kuna watu zinawakera na nawaelewa, ila mimi miguu yangu ilikuwa inatembea bila hofu na sikumbuki mara ya mwisho kutembea hivyo nyumbani. Cha kuogopa ni pikipiki za umeme tu, hazina sauti na zinapita juu ya njia ya waenda kwa miguu.

Chakula nilidhani kitanishinda kwasababu nguruwe kaingia karibu kila kitu, hata ile chai ya asubuhi wanayosifia, vile vikapu vidogo vya mvuke, vingi ndani nguruwe, unabaki na vya kamba na mboga. Lakini wauza tambi za Lanzhou ni Waislamu na wako kila mtaa, nyama ya ng'ombe, supu ya moto, umeshiba kwa hela ndogo. Halafu sokoni Panyu nikakuta tembele. Tembele kabisa, majani ya viazi vitamu, yamefungwa mafungu, na mchicha pembeni, na bamia, na tangawizi mbichi na miwa. Nikanunua nikapika kwa dada tukala na ugali. Hapo ndo niliona kuwa njaa haitanirudisha.

Ijumaa tulienda msikiti ulio kwenye kaburi ambalo wenyeji wanaamini ni la Sahaba Saad bin Abi Waqqas, uko ndani ya bustani, miti mikubwa, kwenye eneo la Yuexiu. Wahistoria wana yao kuhusu hilo kaburi, mimi nasema nilichokiona, watu walivyojaa. Wachina wa kabila la Hui, Wauyghur, Waarabu, Wasomali, Wahindi, watu wa Mali, na wengine wameswali nje kwenye mikeka, na baada ya swala barabarani wanauza mishikaki na mikate ya tanuri. Nilijisikia kama nipo kwangu, na hilo nililipa uzito mkubwa kwenye hesabu zangu.

Sasa nije kwenye makaratasi maana hapa ndo penyewe, na hapa nitakaa sana kwasababu watu wengi wanaoniuliza kuhusu China wanauliza bei ya chumba na hawaulizi hili.

Bosi wazo lake lilikuwa niingie na viza ya biashara, ile ya M, "utaanza nayo huku tunatengeneza nyingine". Viza ya M hairuhusu kufanya kazi. Ukikutwa unafanya kazi nayo ni kosa, faini, unaweza kuwekwa ndani na kurudishwa. Na ukizidisha siku, sheria yao ni yuan 500 kwa kila siku mpaka zifike 10,000, au kizuizini siku 5 mpaka 15. Nimewaona watu pale Xiaobei wanaoishi hivyo, hawapandi treni ya mwendo kasi kwasababu tiketi ni pasipoti, hawaendi hospitali mpaka hali iwe mbaya, mtu anaishi kwenye mji wenye kila kitu na hawezi kugusa chochote. Njia halali ni viza ya Z, ile ya kazi, na hiyo kwa kawaida inataka digrii, uzoefu wa kazi miaka miwili, cheti cha polisi, vipimo vya afya, na kampuni yenye usajili kule ikuombee kibali. Ukishaingia unayo siku 30 kuibadilisha kuwa kibali cha ukaazi. Na kibali kimefungwa kwa mwajiri wako, ukigombana na bosi huna muda wa kuzubaa.

Halafu ukilala nje ya hoteli lazima ujiandikishe polisi ndani ya masaa 24. Dada alinipeleka siku hiyohiyo na nakala ya mkataba wake wa nyumba na pasipoti zetu, tulimaliza haraka tu, afisa mstaarabu. Lakini kuna wenye nyumba hawataki mgeni kabisa, na hasa mgeni mweusi, kwasababu hawataki usumbufu wa hiyo karatasi. Nilienda na dalali kuangalia vyumba, vingine alipiga simu mbele yangu, akaongea, akanitazama, akasema hicho kimeshachukuliwa. Niliumia, siwezi kusema sikuumia.

Na lazima nitaje mwezi wa nne 2020. Wakati ule wa korona Waafrika wa Guangzhou walitolewa kwenye nyumba walizolipia kodi, hoteli zikawakataa, watu wakalala nje na mabegi yao, mpaka mabalozi wa nchi za Afrika wakaiandikia barua serikali ya China. Dada alikuwepo. Nilimuuliza baada ya hapo alibakije. Akanyamaza kwanza, akasema jirani yake wa ghorofa ya juu, bibi wa Kichina, alikuwa anamwachia mboga mlangoni kila siku, "sa ningemwambiaje yule bibi kwamba mji wote ni mbaya." Lakini akasema pia kwamba tangu siku hizo hela ya tiketi ya kurudi nyumbani haigusi, ipo, kwa shida yoyote ile.

Pesa. Kodi kule wanataka dhamana ya miezi miwili na unalipa mwezi mmoja mbele, baada ya hapo mwezi kwa mwezi, sio kama Dar mwenye nyumba anataka miezi sita au mwaka. Chumba kimoja na sebule maeneo ya Panyu au Baiyun niliambiwa kati ya yuan 1,500 na 2,500, ukienda Zhujiang New Town kwenye yale maghorofa ya vioo unazungumzia 5,000 kwenda juu. Malipo yote ni simu, Alipay au WeChat, tangu 2023 unaweza kuunganisha kadi ya Visa ya nje kwahiyo siku ya kwanza tu unaweza kuskani mpaka kwa muuza miwa. WhatsApp, Google, Instagram, YouTube havifunguki kwenye laini ya kule, utatumia VPN, programu ya kukwepa kizuizi, au laini yako ya nyumbani kwa rominga, na kuna usiku VPN inakataa na mtoto wako anasubiri simu yako.

Mtoto. Shule za serikali ni Kichina tupu, na za kimataifa nilizouliza ada zinapita yuan laki moja kwa mwaka, hizo ni zaidi ya milioni thelathini za kwetu. Mshahara nilioahidiwa haubebi hilo. Na hata ungebeba, nilimwangalia mtoto wa rafiki yake dada pale Panyu, wa kiume, miaka tisa, Kichina chake kinateleza na kompyuta anazijua, lakini kila tukipanda metro watu wanampiga picha na wengine wanamshika nywele bila kuomba, naye ameshajifunza kuinamisha kichwa. Yule mtoto ndiye aliyenifanya niamue.

Kuhusu wapi pa kukaa, dada alinibembeleza Panyu, kuna miti, kuna hewa, soko lenye tembele. Lakini godauni letu liko upande wa Sanyuanli, na kutoka Panyu kwenda na kurudi ni karibu masaa matatu kwa siku tena kwa mstari wa 3. Nikapanda mstari wa 2 kutokea Sanyuanli kuelekea kaskazini nikawa nashuka stesheni moja moja naangalia. Huangbian nilipapenda. Nyumba mpya kiasi zenye lifti, vibanda vya tambi chini, miembe imepandwa barabarani, na hakuna kubadilisha treni mpaka kazini. Maonyesho ya biashara ya Canton yalikuwa yanaanza wiki hiyo, yale yaliyoanza 1957, hoteli za mjini bei zilishapanda vibaya sana, lakini Huangbian kodi inabaki ileile kwasababu wanaokaa pale ni watu wa kazi.

Nimerudi nimemwambia bosi hivi. Nakubali, mwaka mmoja, viza ya Z kabla sijapanda ndege, sio M, na kama kampuni mshirika wetu kule haiwezi kuomba kibali basi asimtume mtu yeyote, sio mimi tu. Mkataba wa nyumba uwe kwa jina langu ili nijiandikishe polisi bila kuomba hisani ya mtu. Tiketi mbili za kurudi kwa mwaka, moja likizo ya mwezi wa sita shule zikifungwa, moja mwezi wa pili wakati wa mwaka mpya wao ambapo viwanda vinafungwa hata hivyo. Mwanangu anabaki Tanga kwa mama yangu, simpeleki.

Bosi kagoma kwenye tiketi ya pili, mengine kakubali. Mimi cheti cha polisi nimeshaomba na digrii nimeipeleka kugongwa mihuri. Hiyo tiketi ya pili tunaendelea kubishana.