Namna ninavyofundisha tofauti kati ya joto na halijoto

Katika mada zote za fizikia ninazofundisha, sijaona inayokaidi maelezo kama tofauti kati ya joto na halijoto. Mwanafunzi anaweza kueleza bila kukosea kwamba halijoto hupimwa kwa nyuzi na joto kwa jouli, kisha akagusa mguu wa chuma wa dawati lake na kusisitiza kwamba una baridi kuliko ubao wa juu. Simlaumu, kwani kiganja chake kimemfundisha hivyo tangu utotoni.

Ndiyo maana sianzi na fasili. Huwapa kipande cha alumini na kipande cha ubao vilivyolala usiku kucha katika chumba kimoja, wavishike, kisha kila mmoja aandike makadirio ya halijoto ya kila kimoja, tena kwa kalamu ya wino. Sharti hilo la wino lina sababu yake: asiyeandika hudai baadaye kwamba alikuwa anajua. Kipimajoto kinapoonyesha nyuzi 25 kwa vyote viwili, wapo wanaosema kimeharibika, huwapa kingine.

Hapo ndipo ninapoleta barafu. Huuliza ni juu ya kipande kipi itayeyuka upesi, na wengi huchagua ubao, kwa hoja kwamba alumini ina baridi. Barafu iliyo juu ya alumini huanza kutoa maji mara moja, huku ile ya juu ya ubao ikikaa karibu vilevile, na ubishi unaozuka darasani huwa na manufaa kuliko maelezo yangu yoyote. Alumini hupitisha joto zaidi ya mara 1,000 kuliko ubao mkavu, kwa hiyo huipelekea barafu joto kwa kasi, na kwa kasi hiyohiyo hulichukua joto la kiganja, ambacho ngozi yake huwa na takriban nyuzi 33. Huwaeleza kwamba kiganja hakidanganyi, ila hakipimi halijoto ya kitu. Kinachohisi ni kasi ambayo ngozi inapoteza au kupokea joto.

Maelezo hayo yakieleweka, mengine hufuata kwa urahisi, kwa mfano kwa nini mtu huweza kuingiza mkono kwa muda mfupi katika hewa ya tanuri yenye nyuzi 180 bila kuungua, lakini akigusa sinia la humohumo anaungua papo hapo.

Swali ninalolipenda zaidi lilitoka kwa mwanafunzi asiyezungumza sana: je, kuna halijoto ambayo alumini na ubao vitahisika sawa? Tulivifunga vipande vyote viwili katika mifuko ya plastiki ili visilowe, tukavizamisha katika maji ya nyuzi 33 hadi vikapata halijoto ya maji, kisha tukamfunga kitambaa machoni na kumpa avishike kupitia mifuko iliyokaushwa vizuri. Alivitofautisha kwa uzito tu.